Mama wa Miti Iliyobaki

Ndugu zangu, mrihani, kivumbasi na mtiki ni wa ukoo mmoja. Katika ukoo huo yumo Karomia gigas, mti mrefu wa misitu ya pwani yetu. Ule uliojulikana Kenya ulikatwa. Mwaka 2011 wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena kusini-mashariki mwa Tanzania, miti michache mno.

Je, hiyo michache ni ya mama mmoja au mama mbalimbali? Hapo ndipo mitokondria inapotufaa, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, vyenye DNA yao wenyewe (maandishi ya urithi), maana katika miti mingi ya maua hurithiwa kwa mama, ndani ya mbegu. Chavua kwa kawaida haiirithishi.

Kazi inaanzia kwenye jani. Tunalikatakata na kulifukia kwenye jeli ya silika, chembe zinazofyonza maji, ili likauke. Kesho yake ulikunje: likipinda, bado lina maji na DNA yake itaharibika, likivunjika kwa mlio, lipeleke maabara.

Ugumu uko kwenye kuunganisha, maana mashine husoma DNA vipandevipande. DNA ya mitokondria ya binadamu ina herufi 16,569 tu. Za mimea kwa kawaida ni malaki, na ya Silene conica, mmea mdogo wa kawaida, inazidi milioni 11. Tena zimejaa sehemu zinazojirudia. Chukua khanga iliyochanwa vipandevipande: kipande chenye jina utajua pa kukiweka, lakini vya pindo vyote vina ua lile lile. Ndiyo maana tunahitaji mashine zinazosoma nyuzi ndefu, zivuke pindo mpaka zifike kwenye jina.

Nisiwafiche, herufi hizi kwenye mimea hubadilika polepole sana. Miti ya mama tofauti yaweza kuonekana sawa, kwa hiyo ni lazima tusome na jenomu ya kiini, yaani DNA yote iliyo katika kiini cha seli.

Lakini kuna jambo linalonigusa. Mti wa Kenya uliacha majani makavu hebariamu, ghala la mimea iliyokaushwa. DNA ya jani kuukuu huwa imekatikakatika, haiunganiki yenyewe. Tukiwa na jenomu kamili ya mitokondria ya mti ulio hai, vipande hivyo tutavilaza juu yake, tuone kama miti ya pande mbili za mpaka yaweza kuwa ya mama mmoja.

Kwa hiyo nawaomba mnaokusanya mbegu: kila mti uwe na mfuko wake, na namba ya mti mama iandikwe kwa penseli. Wino hufutika kwa unyevu.