Andika Pale Palipoumia: Majeraha ya Uume na Korodani Kwenye Faili

Habari zenu wenzangu, asanteni kwa kufika, najua jam ya Thika Road asubuhi si mchezo. Nimewaita watu wa rekodi na nyinyi wa kazualti pamoja sababu hii kazi inaharibikia pale katikati yenu.

Hapa Nairobi mgonjwa mnamjua. Ni kijana wa boda, amegonga gari, pikipiki ikasimama mwili ukaendelea mbele, tangi ya mafuta ikampata kwa korodani. Anaingia akichechemea, anamwambia sista ni mguu, na kama hakuna pazia hatasema zaidi. Basi mguu unaandikwa, mguu unapigwa eksirei, anaenda nyumbani na korodani imepasuka ndani. Hii inaniuma sana, maana korodani iliyopasuka ikifanyiwa upasuaji ndani ya siku tatu za kwanza mara nyingi inaokolewa, mkichelewa hatari ya kutolewa inapanda. Kwa hivyo mtu wa pikipiki yeyote mpeleke kando, funga pazia, muulize wazi: "Kaka, huko chini kuko sawa? Umekojoa tangu uanguke?" Halafu uangalie kwa macho yako. Ukikuta uvimbe mwitishie altrasaundi, na hata ikitoka haieleweki lakini bado una wasiwasi, mpigie daktari wa yurolojia, yule wa njia ya mkojo na viungo vya kiume.

Ukiona damu kwa tundu la mkojo, usisukume katheta, ile mpira ya kutoa mkojo! Mrija wa mkojo uliochanika kidogo unaweza kuumalizia kabisa. Eksirei ya mrija, ile ya kuingiza dawa ndani ndio uonekane, inatangulia.

Sasa faili. Mtu anaandika tu "kidonda sehemu za siri". Wa rekodi afanye nini na hiyo? Kwa ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa na majeraha, anabaki na S31.5, ya kidonda ambacho mahali pake hapajatajwa, na ungeandika uume ingekuwa S31.2, korodani ama mfuko wake S31.3. Ngozi haijapasuka ila damu imevilia, S30.2. Kusagika ni S38.0, kukatika S38.2, mrija wa mkojo S37.3. Tofauti ya hizo ni kubwa, huyu wa S37.3 anaweza kurudi baadaye mkojo hautoki vizuri, mrija umeziba na kovu, na kama faili ya kwanza haikusema kitu tunaanza upya. Wa rekodi nawaomba msibuni, rudisheni faili kwa aliyeandika.

Na msiache msimbo wa kilichomuumiza. Boda kugongana na gari ndogo ni V23, kuanguka mwenyewe V28, kushambuliwa kwa kisu X99. ICD-11, toleo jipya la orodha hiyo, ambayo ilianza kutumika Januari 2022, inakubali hata uongeze upande, kulia ama kushoto, so zoeeni kuandika upande kuanzia leo.

Kuna mmoja ameniuliza hapo mlangoni kuhusu uume uliokatika kabisa. Kipande kisafishwe na saline, yale maji ya chumvi ya hospitali, kifungwe kwa gozi yenye saline, kiwekwe kwa mfuko safi wa plastiki, huo mfuko ndio uingie kwa maji ya barafu, barafu isiguse nyama. Mgonjwa abanwe kidonda damu ikome, apate sindano ya pepopunda, asafirishwe pamoja na kipande chake. Na saa aliyokatwa iandikwe juu kabisa ya faili kwa herufi kubwa, daktari wa upasuaji ataiuliza kabla ya kitu kingine chochote.