Mbona unatuonyesha vinamasi tu? Nawajibu

Jamani, swali ni lilelile kila nikifungua simu: "Dada, mbona unatuonyesha vinamasi na mitumbwi ya Wazungu, wamekulipa?" Hakuna aliyenilipa. Na kabla hamjasema naringa, tiketi ya boti ya hapa Biesbosch, eneo la vinamasi na vijito huku Uholanzi, nimekata kwa hela yangu, na maegesho ya gari ndiyo sitaki hata kuyataja.

Hadithi iliyonileta huku ni ya Piet van den Hoek, enzi hizo kijana wa Werkendam, kando ya vinamasi hivi. Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia, kusini mwa Uholanzi kulishakombolewa, kaskazini Wajerumani bado wamekalia, na katikati ndiyo haya maji mnayoyaona. Piet na wenzake walivuka usiku kwa makasia, wakitokea Werkendam na Sliedrecht kwenda Drimmelen na Lage Zwaluwe. Kwenda wamebeba taarifa za kijeshi, na watu pia. Brigedia Hackett, Mwingereza aliyejeruhiwa kwenye mapigano ya mji wa Arnhem, alipitishwa humu Februari 1945. Kurudi wanabeba dawa. Wavushaji walikuwa 21, na mpaka vita inaisha safari zilifika 374.

Nyie wa Pangani na Kilwa hapa mtanielewa haraka. Enzi hizo bahari ilikuwa inaingia mpaka huku, maji yanajaa na kupwa karibu mita mbili. Ukuta wa Haringvliet, unaozuia maji ya bahari, uliikatia njia mwaka 1970. Basi enzi za Piet ukikosea saa, maji yamepwa, mtumbwi umekaa kwenye tope, matete hayakufichi tena na kunakucha. Askari wa doria ana taa na bunduki. Wewe unachomzidi ni kujua kijito gani kina maji saa ngapi, basi.

Halafu makaratasi. Mimi hapa kibali cha kuishi kinakaribia kuisha. Nikipeleka cheti wanataka tafsiri, nikileta tafsiri haina muhuri, na kila muhuri nalipia mimi. Ndiyo, nalalamika, chaneli ni yangu. Ila mimi karatasi ikikataliwa narudi nyumbani kunywa chai. Wavushaji wakikutwa na karatasi walizobeba, ni risasi. Wenzake Piet, Arie van Driel na Kees van de Sande, walikamatwa, wakauawa tarehe 30 Aprili 1945. Tarehe 5 Mei Wajerumani wa Uholanzi wakasalimu amri. Siku tano, jamani!

Wote watatu, Piet na hao wenzake, walipewa Militaire Willems-Orde, nishani ya juu kabisa ya ushujaa hapa, ila hao wawili waliipata wakiwa kaburini. Piet aliishi mpaka 2015.

Mnaouliza kama mje kutembea: mimi nasema ya kwangu, mfuko wako unaujua mwenyewe. Jumba la makumbusho lipo Werkendam. Ila njooni kiangazi. Upepo wa Januari juu ya maji haya mimi siuwezi, hata mnichangie nauli.