Ametoka Kasapa, rufaa yake iko wapi?

Bwana Batonie, mkuu wetu sisi mawakili, ba Maître, na ninyi vijana mlioanza kuvaa joho mwaka huu: jambo yenu wote.

Siku moja, hapa hapa Lubumbashi, hakimu aliniuliza swali mbele ya watu. Tulikuwa katika rufaa ya mama mmoja muuza makaa, aliyefungwa miezi sita kwa kupokea mali ya wizi. Mama alikuwa ameketi benchi ya tatu, mikono juu ya magoti, akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Alikuwa ametoka gereza la Kasapa wiki chache kabla. Hakimu akatazama faili, akamtazama mama, akasema: «Maître, huyu si amekwisha kurudi nyumbani? Tunahukumu nini tena?»

Swali lile ni la haki. Mahakama ipo ili iamue ugomvi ulio hai. Ikiwa uamuzi wake hauwezi tena kubadili chochote, wenzetu wa Afrika Mashariki husema shauri limepitwa na matukio. Sisi katika Kifaransa chetu cha tribinali tunaandika sans objet. Kosa ni kudhani kwamba mlango wa gereza ukifunguliwa, ugomvi umekufa.

Wamarekani walilipima jambo hili mwaka 1968, katika kesi ya Sibron dhidi ya jimbo la New York. Polisi alimfuata Sibron kwa saa nyingi, akimwona anaongea na watu waliojulikana kutumia madawa ya kulevya. Hakusikia hata neno moja la maongezi yao. Usiku Sibron akaingia mgahawani, akaagiza kahawa na kipande cha pai. Polisi akamwita nje, akamwambia: «Unajua ninachokitafuta.» Sibron alipopeleka mkono mfukoni, polisi naye akatumbukiza wake mfuko uleule, akatoa heroini. Miezi sita. Rufaa ilipofika Mahakama Kuu kabisa, kifungo kilikuwa kimekwisha zamani. Majaji wakakataa kusema rufaa imekufa, kwa sababu hukumu ya jinai humfuata mtu katika mambo mengine ya sheria. Walisema pia jambo ambalo nataka mlishike: vifungo vifupi huisha kabla rufaa haijafika juu, kwa hiyo tukifunga mlango kwa aliyemaliza kifungo, makosa ya polisi na ya mahakama za chini hayatasahihishwa kamwe. Hatia ya Sibron ikafutwa.

Sasa rudini kwetu. Tribinali ya amani inahukumu makosa ya kifungo cha hadi miaka 5, na rufaa yake inakwenda kwa tribinali kubwa. Sheria ya mwendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, inatoa siku 10 za kukata rufaa. Siku 10 tu! Kisha faili inangoja, tarehe inasogezwa, na yule aliyehukumiwa miezi sita anaimaliza akiwa ndani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 21, inahakikishia kila mtu haki ya kupinga hukumu. Haikuandika «kila mtu aliye bado gerezani».

Kuna nyakati kesi inakufa kweli. Msamaha wa sheria, kama ule wa tarehe 11 Februari 2014 kwa makosa ya uasi na ya kisiasa, unafuta mashtaka yenyewe. Neema ya Rais ni kitu kingine: inaondoa adhabu, hatia inabaki, na rufaa bado ina kazi. Kifo cha mshtakiwa nacho huzima kesi ya jinai, ingawa madai ya fidia yanaweza kuwafuata warithi. Huko Massachusetts, Marekani, Aaron Hernandez, mchezaji wa futbol ya Kimarekani, alikufa gerezani 2017 kabla rufaa yake kusikilizwa, na hatia yake ya mauaji ikafutwa. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikairudisha, ikaagiza iandikwe kwamba rufaa haikuamuliwa kwa sababu ya kifo. Mimi naona njia hiyo ya pili ni nzuri zaidi, kwa sababu inaandika ukweli wote: alihukumiwa, alipinga, hakusikilizwa.

Lakini rufaa nyingi hapa kwetu zinakufa mikononi mwetu sisi mavoka, mawakili. Mteja anatoka, amechoka, nauli hana, anasema «tuache tu». Nasi tunaacha. Miaka miwili baadaye anaomba kazi ya kufagia ofisi kwa kampuni ya mgodi, wanamwomba karatasi ya kazie, ile inayoonyesha hukumu za jinai za mtu, na ile miezi sita iko pale, imepigwa mashini.

Nilimjibu hakimu: «Mheshimiwa, miguu yake imerudi nyumbani. Jina lake liko bado katika rejista yenu, na fidia aliyoamriwa kulipa bado inadaiwa.» Akanyamaza kidogo. Kisha akafungua faili ukurasa wa kwanza, akamwita mama aje mbele.