Sungura Alikwendaje Mtoni?

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa elimu maalum, walimu wenzangu wa madarasa ya kawaida, na ndugu mkalimani ambaye asubuhi hii kazi yake ni nzito kuliko yangu: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi. Na waliotoka Rungwe na Kyela alfajiri na baridi hii, ndaga fijo.

Tangazo lililobandikwa mlangoni linasema nitazungumzia matumizi ya katuni darasani. Nimekuja kuzungumzia kuandika, kama nilivyofanya kila nilipopewa nafasi ya kusimama mbele ya walimu. Katuni ni jembe tu. Mwalimu akitoka hapa anajua kutengeneza katuni lakini watoto wake bado wananakili sentensi ubaoni, nauli yake ameipoteza bure.

KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sitaieleza, mnaifundisha kila siku. Wala sitaeleza insha ilivyokufa, maana tulikuwepo msibani. Mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine mwaka 2012, tukawafundisha watoto kusiliba viduara, na wakajua kusiliba. Lakini mpe mtoto wa darasa la tano karatasi tupu, mwambie andika hadithi. Utapata "Hapo zamani za kale." Mwambie andika barua kwa mjomba, utapata "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya." Maneno safi kabisa, na hakuna hata moja alilolichagua yeye. Ninaposema kuandika, ndicho ninachokitafuta: mtoto kuchagua neno. Anayechagua neno ndiye mwandishi, hata kama kalamu imeshikwa na mwenzake. Mnisikilize vizuri hapo, maana hoja yote ya ujumuishi, ya watoto wenye ulemavu kujifunza pamoja na wenzao, imelala humo, na nitairudia hadi mchoke.

Sasa hadithi yenyewe. Baadhi yenu mmeshanisikia nikiisimulia. Nitaisimulia tena.

Shule moja ya msingi, mkoani humu humu. Darasa la tano, watoto wengi kama mnavyojua, nikachukua kundi la watoto 6. Mmoja binti kiziwi. Mmoja kijana mwenye mtindio wa ubongo, mikono yake haimtii, penseli inamtoroka. Wanne waliobaki hawana ulemavu tunaoujua. Kazi: waandike hadithi, waigeuze katuni ya udongo. Unafinyanga sungura, unamweka mezani, kishikwambi umekilaza juu ya matofali na kukikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli. Unapiga picha. Unamsogeza sungura kidogo. Unapiga tena. Ukizipitisha picha 10 kwa sekunde, sungura anatembea. Sinema za ukumbini huenda picha 24 kwa sekunde, lakini kwa kazi ya watoto picha 10 zinatosha kabisa.

Najua kuna mwalimu pale nyuma anasema moyoni, sisi vifaa hatuna. Mwalimu, vile vishikwambi vilivyohesabia watu kwenye sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Vingi viko makabatini. Kina kamera, na programu za kupigia picha za namna hii zipo za bure. Udongo wetu ni wa kufinyangia, ule ule wanaotumia akina mama wa Kikisi wa Lyulilo na Ikombe kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaopeleka vyungu vyao mnadani Matema. Udongo huo ukiachwa unapasuka, kwa hiyo sungura analala amefunikwa kitambaa kibichi. Ukikosa udongo, chukua visoda, maharage, vijiti. Vifaa havijawahi kuwa shida. Tuendelee.

Kundi likaniletea hadithi. Naisoma kama ilivyokuwa: "Hapo zamani za kale sungura alienda mtoni. Halafu akamwona fisi. Halafu akaogopa. Halafu akarudi nyumbani." Herufi kubwa zipo, nukta zipo. Mwalimu mwenye haraka anaweka alama ya vema na kupita.

Yule binti alikuwa ameandika karatasi yake peke yake, na wenzake hawakuitumia. Ilisema: "Sungura mto kwenda mguu mbaya." Juu yake kulikuwa na wino mwekundu. Mwalimu wa darasa alikuwa ameikata yote kwa mstari mmoja.

Naomba tukae hapa kidogo. Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kinachosemwa kwa vidole. Ni lugha kamili, ina sarufi yake. Mtoto kiziwi anapoandika Kiswahili anaandika lugha ya pili, lugha ambayo sikio lake halijawahi kuisikia. Hizi a- na -li- zetu tunazozisikia tangu mgongoni mwa mama, yeye anakutana nazo kwenye karatasi tu. Kwa hiyo ndiyo, sentensi yake ina makosa ya viambishi, na viambishi tutamfundisha. Lakini hebu ziwekeni hizi mbili pamoja. "Sungura alienda mtoni." "Sungura mto kwenda mguu mbaya." Ni ipi inayojua kitu kuhusu sungura huyu?

Nikawaambia, haya, tupige picha sentensi ya kwanza. Kutoka kwenye mgomba hadi mtoni, mezani pale, ni sentimita 60. Kijana mmoja akamshika sungura akaanza kumburuza kama anasukuma sabuni. Binti akaweka mkono juu ya mkono wake, akamzuia. Akauliza kwa alama. Hatukuelewa. Akauliza tena, pole pole, na mwenzake anayekaa naye dawati moja akatutafsiria: "Anasema, anakwendaje?"

Anakwendaje! Katika lugha yake swali hilo halikwepeki. Akionyesha mtu anakwenda, mkono ule ule mara nyingi unaonyesha na njia aliyopita na namna anavyokwenda: anakimbia, ananyata, anajivuta. Kwetu "alienda" inatosha, mtu anapita nayo kama anavyopita na basi lililofungwa vioo. Yeye akaonyesha: mkono mmoja unashuka vizuri, wa pili unaburuzika. Mguu mbaya.

Darasa zima likahamia kwenye meza ile. Nikauliza, tunaandikaje alichoonyesha? Wakaanza kurusha maneno. Alitembea. Hapana, akatikisa kichwa. Alinyata. Akaonyesha kunyata ni hivi, siyo. Alijikongoja. Hapo alifikiri, kisha akaonyesha bibi mwenye mkongojo, tukacheka sote. Mtoto mmoja akaleta neno la bibi yake la Kinyakyusa, nalo tukalijaribu kwa miguu, tukiwa tumesimama. Mwishoni mtoto ambaye tangu Januari sijamsikia akichangia akasema kwa sauti ndogo: "Alichechemea." Wakamwonyesha binti kwa vitendo. Akapiga meza kwa kiganja. Ndilo hilo!

"Sungura alichechemea hadi mtoni." Nilifuta "alienda" ubaoni mbele ya macho yao.

Halafu ikaja hesabu. Mguu mzima unasogea sentimita 2, mguu mbovu sentimita 1. Kila hatua mbili ni sentimita 3 na picha 2. Sentimita 60 ni picha 40. Sekunde 4 za kuchechemea. Mtoto aliyesogeza udongo mara 40 kwa ajili ya kitenzi kimoja hatakiandika tena kitenzi hicho kivivu. Hilo ndilo ninalolipenda katika kazi hii: kila neno unalilipia kwa mikono yako, na neno tupu linakuumbua, kwa sababu kamera haina la kupiga.

Sasa yule kijana wa mtindio wa ubongo. Wenzake, kwa upendo kabisa, walishampa kazi: awe mtazamaji, apige makofi tukimaliza. Walimu wangu, hapa huwa napandisha sauti na leo nitapandisha. Huruma ya namna hii tumeifundisha sisi. Tumeshuhudia mangapi? Mtoto asiyeona anapewa kazi ya kuimba wimbo wa kufungulia. Mwenye ulemavu wa akili anashika ndoo ya udongo. Kisha tunapiga picha ya pamoja na kuandika kwenye taarifa: mradi jumuishi. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010. Sheria hiyo haikupitishwa ili mtoto ashike ndoo!

Na msiniambie suluhisho ni kumpa kijana yule kitufe cha kamera abonyeze. Nimeshaambiwa hivyo na watu wazuri sana. Kubonyeza si kuandika. Nilimwomba atupe sentensi inayofuata. Anazungumza kwa taabu, maneno yanatoka moja moja, na kwa sababu kila neno linamgharimu hapotezi hata moja. Alisema: "Mwiba. Wa jana. Hakumwambia mama." Mwenzake aliandika hivyo hivyo, bila kunyoosha, bila kuongeza. Hiyo ndiyo sheria yangu: anayeandika kwa niaba ya mwenzake haongezi neno wala hapunguzi, kisha anamsomea, na mwenye sentensi ndiye anayeamua kinachokatwa. Maneno matano tu, na hadithi ikapata sababu, ikapata jana, ikapata mama, ikapata siri. Nimefundisha miaka mingi na kwenye madaftari ya darasa la tano sijakutana na "hakumwambia mama" nyingine.

"Akaogopa" nayo ilianguka siku ile ile. Woga haupigwi picha. Sungura aliyeogopa anaonekanaje? Wakatoka nje kutazama sungura wa kufugwa wa jirani, wakarudi na sentensi: "Masikio yake yalilala mgongoni." Picha 6, kwa kukandamiza udongo kidogo kidogo.

Mwalimu mmoja wa Iringa aliwahi kuniambia, hii inakula vipindi, mitihani inakuja. Kipindi ni dakika 40. Kazi yote ilichukua wiki tatu, vipindi viwili viwili. Sasa fungua daftari la insha la muhula mzima, hesabu sentensi ambazo mtoto alizichagua mwenyewe. Hesabu kweli, usikisie. Ukishahesabu ndipo uniambie vipindi vimeliwa na nani.

Muda naona unakimbia, na mwenyekiti ameshaonyesha karatasi. Nilitaka nikae sana kwa watoto wasioona, nitapita haraka, mnisamehe. Swali ni lile lile kila mahali: katuni ni kitu cha macho, asiyeona anafanya nini? Anafanya kazi ngumu kuliko zote. Darasa moja tulikuwa na kijana anayeandika kwa nukta nundu. Vinyago alivishika vyote kabla ya picha, akajua fisi ana shingo ndefu na sungura amechuchumaa. Katuni ilipokamilika tulimwomba asikilize masimulizi. Wenzake wakacheka mahali, yeye akauliza: "Mnacheka nini?" Kimya. Kicheko kilikuwa kwenye picha, kwenye maneno hakikuwepo. Wakarudi kuandika: "Fisi alikanyaga mkia wake mwenyewe." Akacheka naye. Kuanzia hapo hakuna masimulizi yaliyopita bila yeye kuyapitisha. Watoto wenye ualbino, wengi wana uoni hafifu na taa kali inawaumiza, basi taa itazame meza, isitazame watoto, na kishikwambi wakisogeze karibu na macho yao watakavyo.

Mambo ya ufundi, upesi. Mwanga wa dirishani msiutegemee. Ukungu ukishuka toka mlima Loleza picha ya tano inakuwa usiku na ya sita mchana. Katoni kubwa, balbu moja ndani, imekwisha. Mashati meupe ya sare yanarudisha mwanga mezani, katuni inametameta, kwa hiyo wavae masweta, na Mbeya hatukosi sweta. Programu nyingi zinaonyesha kivuli cha picha iliyopita. Kiwasheni, kinamsaidia sana mtoto ambaye mikono yake inatetemeka kujua kinyago kilikuwa wapi.

Kuhusu alama: msisahihishe katuni. Sahihisheni rasimu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikae kwenye daftari, hata ile yenye wino mwekundu. Viambishi vya binti yule tulivishughulikia kwenye rasimu ya tatu, na alivishika, kwa sababu sasa alikuwa na sentensi aliyotaka ieleweke. Suala la usonji na kelele za darasa nililiandaa lakini haliwezekani kwa dakika mbili. Tukutane kwenye chai.

Sasa naomba tuitazame. Ni sekunde 32, picha 320. Hapana mwalimu, taa usizizime zote. Iache ile ya upande wa mkalimani, wenzetu viziwi wamwone. Wasioona, masimulizi yanaanza kabla ya picha, sauti ni ya yule aliyesema "alichechemea." Wengine tazameni mguu wa kulia wa sungura.