Malisho Kwanza, Matumbawe Baadaye

Ahsante, mwenyekiti. Shikamooni wakubwa, vijana, habari za jioni. Haya ninayosema wengine mmeshayasikia mara tatu, na leo ni ya nne, kwa sababu wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Kijana wa Area C amenunua tangi la kufugia viumbe vya baharini, taa ya bei kubwa, matumbawe manne na samaki wawili, vyote vimesafirishwa kutoka Dar. Halafu ananiuliza: "Mzee, hivi hawa wanakula nini?"

Tuko Dodoma. Hapa hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba hununui ng'ombe kisha ndipo uanze kuuliza majani yako wapi. Unatazama malisho, unatazama maji, halafu unazungumza habari za mifugo. Tangi la bahari sebuleni ni zizi, na malisho yake ni planktoni hai, yaani mwani na vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Ombi langu ni lile lile: otesha mwani wako miezi mitatu kabla ya kununua tumbawe hata moja. Ukishindwa kutunza chupa sita za maji ya kijani, tumbawe hutalitunza.

Najua kuna anayetaka kuninyanyulia mkono. "Lakini mzee, matumbawe yana mwani ndani ya mwili wake, yanajilisha kwa mwanga." Ni kweli kabisa. Mwani ule hutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya nguvu anazotumia. Lakini sukari ile ni ugali, ndugu yangu. Mboga iko wapi? Naitrojeni na fosforasi za kujengea mwili, sehemu kubwa tumbawe huzipata kwa kukamata windo. Zima taa ya tangi saa mbili usiku, subiri saa moja, kisha mulika kwa tochi nyekundu. Utaona minyiri, vile vidole vyembamba vya tumbawe, iliyokuwa imejificha mchana kutwa imetoka nje, inapepea, inasubiri kitu kipite. Na wewe umekwenda kulala.

Wapo pia wanaoona planktoni ni kitu kidogo mno kuwa chakula. Hao waende Singida, wasimame kando ya ziwa Singidani wakati ndege heroe wapo. Heroe wadogo wale huishi kwa kuchuja viumbe vya kijani ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja, na rangi yao ya waridi hutoka humo humo.

Sasa kazi yenyewe. Anza na mwani uitwao nanokloropsisi: mikroni mbili hadi nne (mikroni elfu moja ni milimita moja), mgumu, husamehe makosa ya mwanzo. Chupa safi, maji ya chumvi, mbolea ya kuoteshea mwani iitwayo f/2, taa, na mpira wa hewa unaotoa mapovu polepole. Msiniletee urea ya shambani; haina vitamini B12 wala madini chembechembe yaliyomo kwenye f/2. Baada ya siku saba hadi kumi maji yanakuwa na rangi ya mchicha uliosagwa. Vuna nusu, rudishia nusu kwa maji mapya yenye mbolea.

Baada ya mwani ndipo rotifa, mnyama wa kama robo milimita anayekula mwani huo na kuzaa bila dume. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, hata kama muda utaniishia.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na chupa sita za mwani kwenye rafu, na chini yake ndoo moja ya rotifa. Pampu ya hewa ilikuwa moja, nimeiweka sakafuni, mipira yote imegawanywa kwenye kiungo kimoja cha plastiki. Usiku umeme ukakatika. Hewa iliposimama, maji ya ndoo yakarudi nyuma ndani ya mpira, yakateremka mpaka kwenye kiungo, kwa sababu pampu ilikuwa chini kuliko maji. Alfajiri umeme ukarudi. Pampu ikasukuma yale maji, na rotifa waliomo, ikawagawia chupa zote sita. Sikujua lolote. Siku ya kwanza kijani kiko vile vile. Siku ya tatu nikaona kimepauka, nikaongeza mbolea! Siku ya tano niliinua chupa kuelekea dirishani nikaona vumbi jeupe, kama unga wa sembe uliomwagwa majini, ila unga huu unatembea. Chupa sita zote. Wiki moja baadaye rotifa wenyewe wakafa njaa, na matumbawe yangu yakakaa mwezi mzima bila mboga. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo pampu ni mbili. Zikae juu kuliko usawa wa maji, na kila mpira uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. Chumba cha mwani si chumba cha rotifa, maana kipovu kikipasuka hurusha tone, na tone moja linatosha. Chujio la rotifa, la mikroni 53, lisiguse chupa ya mwani hata siku moja. Asubuhi hudumia mwani kwanza, kisha rotifa. Ukishashika rotifa, usirudi kwa mwani mpaka kesho. "Nyumba yangu ina chumba kimoja." Basi mwani ukae kwa shangazi. Sitanii. Na chupa moja ya akiba iweke kwenye friji la jirani.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka haraka: rotifa ni kapu tu, thamani yake ni alichokula saa chache zilizopita, kwa hiyo mshibishe mwani kabla ya kumtia tangini. Artemia, yule mdudu mdogo wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba, akianguliwa mpe matumbawe siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza kiini alichozaliwa nacho. Kopepodi, vijidudu vingine vya jamii ya kamba, tutawazungumza siku nyingine. Ila mwenye samaki wa mandarini aje anione leo, kwa sababu samaki yule hudonoa kopepodi mchana kutwa na wengi hufa wamekonda. Maji yetu ya visima ni yale yanayoacha ukoko kwenye birika; yapitishe kwenye kichujio cha osmosisi, kile kinachoondoa madini, kabla ya kutia chumvi. Hewa ya hapa ni kavu, maji yanapungua kila siku: jazia maji baridi yasiyo na chumvi, chumvi haikwenda popote. Na mtu asiende kuvunja matumbawe kisiwa cha Mbudya, kule Dar. Ile ni hifadhi.

Nimekuja na chupa ishirini za mwani, zipo pale mezani, moja kwa kila mtu. Rotifa sikuwaleta. Atakayenionyesha picha ya chupa yake ikiwa bado ya kijani baada ya wiki sita, huyo aje nyumbani na ndoo. Mama uliye mstari wa mbele, chukua wewe kwanza, na kifuniko usikikaze sana. Huo mwani unahitaji hewa mpaka ufike Kongwa.