Jamvi la Zege na Maji Yake: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Nyumba wa Tanga

Assalaam alaykum, na wote hamjambo. Nawashukuru mafundi mlioacha saiti mapema leo, na wenye nyumba na wenye maduka mliokuja. Jambo hili likizungumzwa na mafundi peke yao halifiki popote, maana mwenye pesa ndiye anayeamua inunuliwe mifuko mingapi na zisubiriwe siku ngapi.

Nina jambo moja la kusema. Majamvi yetu, yaani sakafu za zege, yanaharibika kwa maji: yanazidi siku ya kumwaga zege, halafu yanakosekana wiki inayofuata. Saruji tunayo, kiwanda kipo hapo Pongwe. Tatizo liko kwenye ndoo.

Mwaka 1918, mtafiti Duff Abrams wa Chicago alichapisha kanuni ambayo mpaka leo wahandisi wanaisimamia: mchanga na kokoto zikiwa safi na zege likishindiliwa vizuri, nguvu yake inafuata uwiano wa maji na saruji. Maji yakipanda, nguvu inashuka. Kwa hesabu ya saiti, mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hivi za maji, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza. Saruji yenyewe haizihitaji hata hizo zote ili ishike. Nyingine ni za kulainisha tu, zege lifanyike kazi. Maji ya ziada yatatoka baadaye, na yanapotoka yanaacha vinjia vidogo visivyoonekana kwa macho. Humo ndimo chumvi ya bahari inamopita. Ukifika lita 35 kwa mfuko, hesabu kwamba umepoteza theluthi ya nguvu au zaidi, na pesa ya saruji umeshalipa yote.

Najua kwa nini maji yanaongezwa. Ni saa saba mchana, vibarua wamechoka, zege limeanza kukaza, na anayevuta rula anapiga kelele, "Lainisheni!" Siwalaumu vibarua. Kazi hiyo ingeanza alfajiri, mashine ya kuchanganyia ingesogezwa karibu, kokoto zingemwagiwa maji jana yake jioni zipoe, na mwenye nyumba angekodi vaibreta ya siku moja. Zege likitetemeshwa linaingia kwenye kona na kuzunguka nondo bila kuongezewa hata kopo moja. Zege likishaanza kukaza juani kabla ya kumwagwa, msilirudishie maji.

Sasa vipimo. Jamvi la nyumba ni moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa ndoo ya lita 20 utaweka mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Msihesabu kwa beleshi, kwa sababu beleshi la asubuhi na la mchana hayalingani. Meta moja ya ujazo inakula mifuko sita na ushee. Kwa hiyo dada yangu mwenye fremu ya meta 5 kwa 6 pale Ngamiani, jamvi la sentimita 10 linataka mifuko 19 au 20. Fundi akikwambia 12 zinatosha, muulize hizo nyingine zimekwenda wapi. Panapoegeshwa magari ya mizigo, unene uwe sentimita 15.

Hapa kwenye niru, ule umaliziaji laini wa saruji juu ya sakafu, naomba tukae kidogo. Zege likishasawazishwa, baada ya muda mnaona maji yanapanda juu na kung'aa. Mawe yanashuka, maji yanapanda. Wengi wetu tunachukua saruji kavu, tunainyunyiza juu ya maji yale yale, kisha tunapiga mwiko mpaka pateleze. Siku hiyo jamvi linapendeza kweli. Lakini umeyafungia maji chini ya ngozi nyembamba. Baada ya miezi ngozi inabanduka vipande vipande, na kila ukifagia duka vumbi la kijivu linatua kwenye bidhaa. Kwaruza sakafu kwa msumari: ikitoa unga, ndiyo hiyo. Subirini maji yapotee yenyewe, mpaka ukikanyaga unaacha alama hafifu tu ya kiatu. Hapo ndipo mwiko uingie.

Kuhusu chini ya jamvi sina mengi. Udongo mweusi wenye mizizi utoke wote, kifusi kimwagwe tabaka kwa tabaka la sentimita 15 na kila tabaka lishindiliwe, kisha nailoni nzito itandikwe, unyevu usipande.

Chumvi ndiyo inayotutofautisha na wenzetu wa Korogwe, walio mbali na bahari. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege lenye nondo, hata kama unapatikana bure. Maji ya kisima cha Sahare au Raskazone yaonjwe kwanza; yakiwa na ladha ya chumvi, yatafutiwe mbadala. Chumvi ikiifikia nondo, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Inavimba, inalipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana nondo hapa pwani inataka kufunikwa na zege la sentimita 4 mpaka 5 kila upande, ikalie vitofali vya zege na si vipande vya mbao. Nendeni Tongoni mkatazame ule msikiti na makaburi ya kale. Yale ni matumbawe na chokaa, hayana nondo ndani, na karne kadhaa za upepo wa bahari hazijayapasua namna hii. Sisi tumechagua chuma, basi tukilinde.

Halafu kumwagilia. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Linapata nguvu saruji inapoendelea kuungana na maji, na likikauka mapema kazi hiyo inasimama. Kaskazi ikivuma, jua kali na upepo, uso wa zege unaweza kupasuka kabla hata mafundi hawajanawa mikono. Siku kama hizo wekeni kizuizi cha upepo na mfunike mapema. Kufunika kwa magunia yaliyolowa au nailoni, siku saba mfululizo, ndicho kiwango cha chini. Ukiweza 14, fanya. Kumwaga ndoo asubuhi na kuondoka hakutoshi, saa nne pameshakauka. Nguvu inayotajwa kwenye michoro ni ya siku ya 28, kwa hiyo lori la bidhaa lisipandishwe siku ya tano kwa sababu tu uso umekuwa mgumu.

Zege litasinyaa, hilo halizuiliki. Kinachowezekana ni kuliambia lipasuke wapi. Jamvi la sentimita 10 likatwe mistari kila meta 3 hivi, kwa kina cha robo ya unene, ndani ya saa 24 za kwanza. Asiyekata mistari atachorewa na zege lenyewe, na mara nyingi ufa utapita katikati ya chumba.

Baada ya hapo ni kulitunza. Baraza na uwanja wa mbele ya duka viwe na mwinuko wa sentimita 1 kwa kila meta, maji ya masika yakimbilie mtaroni. Wenye gereji, mafuta yafutwe siku hiyo hiyo. Ufa mwembamba uwekeeni alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, mrudi baada ya miezi mitatu. Ukiwa umesimama, ujazwe na kufungwa. Ukiwa unaendelea kutembea, chini kuna jambo. Mwiteni mhandisi kabla ya kununua saruji.

Na pale mnapoona doa la kahawia na zege linabanduka kwenye nondo, kupaka plasta juu ni kuificha kutu iendelee kula. Zege libomolewe mpaka nyuma ya nondo, nondo isuguliwe ing'ae, iliyoliwa sana iongezewe nyingine pembeni, ndipo zege jipya liwekwe na kumwagiliwa kama jamvi jipya.

Tuingie kwenye maswali. Fundi wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye niru; tuanze naye.