Kidonda cha Ulimi Kisichopona

Mhadhara kwa wazazi na vijana wa Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum wazazi wangu, na habari za alasiri vijana.

Nimeombwa nizungumzie saratani ya ulimi, na nitazungumza zaidi nanyi vijana, kwa sababu kwa muda mrefu sisi tunaotibu kinywa tulizoea kuihusisha na wazee waliovuta tumbaku au kunywa pombe miaka mingi, ilhali sasa katika nchi kadhaa wanaougua kabla ya kufika miaka 45 wanaongezeka, na wamo miongoni mwao, wanawake kwa wanaume, ambao hawakuwahi kugusa sigara. Wataalamu bado wanaitafuta sababu. Virusi vya papiloma, ambavyo mabinti zetu huchanjwa dhidi yake ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, huhusika zaidi na saratani ya shina la ulimi, kule nyuma kooni, kuliko ile ya sehemu tunayoiona mtu anapoutoa ulimi nje.

Sehemu hiyo tunayoiona ndiyo ninayotaka tuitazame. Saratani huanzia mara nyingi ubavuni mwa ulimi, karibu na magego, mahali ambapo mtu hapaoni akijitazama kwenye kioo bila kuushika ulimi kwa kitambaa safi na kuuvuta upande. Vidonda vya kawaida vya mdomoni tunavijua sote: ni vidogo, vya mviringo, vina weupe katikati na wekundu pembeni, vinauma hata kwa chai, kisha vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki 2. Kidonda cha saratani hakiondoki. Kingo zake huinuka, na ukikibonyeza kwa kidole unahisi ugumu chini yake, kama kokoto iliyofunikwa na nyama. Huenda kisiume kabisa mwanzoni, na ndiyo maana watu hukivumilia. Wengine huanza na doa jeupe au jekundu lisilofutika, au huumwa sikio la upande ule ule ingawa sikio lenyewe ni zima.

Miaka michache iliyopita alinijia binti mmoja, fundi cherehani, ambaye hajafika miaka 30 na hajawahi kutafuna tambuu. Alikuwa na kidonda cha miezi 5. Kwanza aliambiwa ni jino linalomchoma, akapewa dawa ya kusukutua. Aliporudi akapewa dawa ya zambarau. Nyumbani bibi yake akampaka asali kwa mapenzi yake yote. Katika miezi hiyo yote hakuna tabibu aliyekigusa kidonda kile kwa kidole, kwa kuwa kila aliyemwona aliuona ujana wake kwanza. Alipofika kwangu tezi ilikuwa imekwisha kuvimba shingoni. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwani jino likidhaniwa kuwa ndilo chanzo, huchongwa au kung'olewa, kisha ulimi hutazamwa tena baada ya wiki 2, na kidonda kikiwa bado kipo hukatwa kinyama kidogo kwa sindano ya ganzi kikapimwe.

Nasikia watu wakisema kwamba kidonda cha namna hiyo kikiguswa na chuma husambaa. Sivyo. Kinachokipa nafasi ya kusambaa ni kuachwa. Kikiwahiwa kingali kidogo, mara nyingi hukatwa sehemu ndogo ya ulimi na mgonjwa huendelea kuzungumza na kula vizuri. Kikichelewa, upasuaji huwa mkubwa zaidi, shingo nayo hupasuliwa, na mgonjwa huhitaji mionzi, ambayo kwa wengi wetu huku maana yake ni safari ya Dar es Salaam, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, na wiki kadhaa mbali na nyumbani.

Na kwa kuwa niko Tanga siwezi kuondoka bila kuitaja popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Kwa hiyo tambuu isiyotiwa tumbaku si salama, na kuberi na ugoro ndiyo kabisa.

Nimekuja na tochi, glavu na vitambaa safi, viko mezani pale. Mwenye kidonda kilichopita wiki 2, awe na miaka 17 au 70, asogee nimtazame kabla ya adhana ya magharibi.